Sebule ya Nelson Street: Pankhurst Centre, Manchester

Nyota tano kutoka kwangu. Miaka mitatu nimekuwa nikipita nje ya nyumba hii ya matofali nikikimbilia zamu hospitalini, nikidhani ni ofisi tu, kumbe ni makumbusho. Jumapili iliyopita niliingia na binti yangu.

Sebule yenyewe ni ndogo, kama ya shangazi yangu kule Nyeri. Hapa ndipo Emmeline Pankhurst na wenzake walipounda chama chao cha kudai kura kwa wanawake wa Uingereza, Oktoba 1903. Nilisimama pale nikapiga hesabu: mwaka 1918 wanawake wa kuanzia miaka 30 wenye sifa za mali walipata kura, na usawa kamili na wanaume ukaja 1928. Miaka 25 tangu kikao kile! Mama aliyetupokea alitueleza bila haraka, akamwacha binti yangu aulize mpaka akaridhika.

Ndugu zangu Wakenya na Watanzania mlioko huku, sisi ni raia wa Jumuiya ya Madola. Tukiishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura, hata ya bunge. Usiku uleule nilijiandikisha kwa simu, nimekaa jikoni, chai haijapoa. Hakikisheni tu siku wanazofungua kabla hamjapanda basi.