Miaka mitatu na gari lenye paa la kioo: uzoefu wangu

Aliyegundua ni mwanangu. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kavua viatu, akaniuliza, "Baba, mbona huku chini kunalia?" Nikamwambia aache kuchezea mfuko wa plastiki. Akasema hana mfuko wowote. Tulipofika nikainama, nikabonyeza kapeti kwa kidole gumba, maji yakapanda mpaka kwenye ukucha. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma. Milango ilikuwa imefungwa, vioo vimepandishwa, na lile dirisha la juu lililonifanya nilipende gari hilo tangu siku ya kwanza lilikuwa limefungwa pia.

Gari nililinunua likiwa limetumika, na lilikuwa na miaka minane. Nimekaa nalo mitatu. Jina lake silitaji kwa makusudi, kwa kuwa haya ninayoyaeleza nimeyakuta kwenye magari ya jamaa zangu ambayo hayakutoka kiwanda kimoja wala nchi moja. Mwenye sanrufu yeyote, yaani dirisha kama hilo la kwenye paa, atajiona humu ndani.

Raha yake niiseme kwanza nisije nikaonekana mlalamishi. Mwanga unaoingia juu unabadilisha gari zima, hata wanaopata kichefuchefu nyuma wanatulia kidogo. Asubuhi ukiinua kioo kile nyuma kidogo tu, joto lililolala ndani linatoka bila kelele za upepo. Usiku watoto wanatazama nyota. Hayo yote ni kweli na bado yananifurahisha. Basi, turudi kwenye kapeti.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa kiyoyozi. Kiyoyozi cha gari hukamua unyevu wa hewa, na maji yake hutoka kwa paipu ndogo inayodondosha chini ya gari. Paipu hiyo ikiziba, maji hurudi ndani na kulowesha miguu ya abiria wa mbele. Dalili inafanana sana na ya paa linalovuja, na watu wengi wanazichanganya. Nikafanya jaribio rahisi: wiki nzima ya jua kali niliendesha na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kapeti nimeifunika magazeti. Magazeti yalibaki makavu. Ikaja mvua ya usiku mmoja, asubuhi nikayakuta yamegeuka ujiuji. Kiyoyozi nikakifutia mashtaka.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba maji yalikuwa yanahama. Siku nyingine yako mbele kushoto, siku nyingine nyuma kulia. Nilichukua muda kuunganisha jambo hili na mahali ninapoegesha. Nikiegesha pua ya gari ikitazama juu mlimani, maji yanatokea nyuma. Ikitazama chini, yanatokea mbele. Maji yanayovuja mlangoni kwa kawaida hayana tabia hiyo. Yanayotoka juu yanayo, kwa sababu yanatembea kwanza kabla ya kushuka.

Fundi wa kwanza hakumaliza dakika kumi. Alizunguka gari, akapitisha kidole kwenye mpira wa kioo, akasema, "Mpira umekwisha, bosi." Akapiga silikoni pande zote nne. Kioo hakikufunguka tena, maji yakaendelea kuingia vilevile, na mimi nikakaa wikendi mbili nikibandua silikoni kwa kijiti cha plastiki ili nisiuchane mpira, ambao kumbe ulikuwa mzima. Nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kulifanyia gari hili, ni kumwachia mtu mwenye bunduki ya silikoni.

Fundi wa pili alikuwa mzee mtulivu. Aliomba kikombe cha maji. Akafungua kioo mpaka mwisho, akaniita nichungulie. Kandokando ya tundu la paa, chini ya pale kioo kinapokaa, kuna mfereji wa plastiki unaozunguka. Kwenye kila kona ya mfereji kuna tundu la ukubwa wa kalamu. "Maji yanaruhusiwa kuingia hapa," akasema. Mpira wa kioo hupunguza maji tu; kazi ya kuyatoa ni ya mfereji na yale matundu manne, ambayo kila moja limeunganishwa na paipu laini inayoteremka ndani ya nguzo za gari. Mbili za mbele hupita kwenye nguzo zinazoshika kioo kikubwa cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Mbili za nyuma huteremka nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa. Magari yanatofautiana kidogo, lakini mpango ni huohuo.

Akamimina nusu kikombe kona ya kwanza, taratibu. Tukasikia mchirizi chini, karibu na tairi. Kona ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, matone machache yakitoka kwa shida. Kona ya nne maji yalikaa tu, yametulia kama kwenye kisosi, kisha yakaanza kupanda kuelekea ukingo wa ndani. Hapo nilielewa gari langu kwa mara ya kwanza. Mfereji ukijaa, maji huvuka ukingo na kuingia juu ya dari la kitambaa, na kutoka pale huenda yanakotaka: kwenye nguzo, kwenye mkanda wa kiti, chini ya kapeti.

Kuzibua nako kuna adabu yake. Nilikuwa nimeshika waya wa chuma, akaninyang'anya. Waya hutoboa paipu, na ukishaitoboa ndani ya nguzo umejitengenezea uvujaji ambao hutauona kamwe bila kubomoa mapambo yote ya ndani. Alitumia uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine za kukatia majani, ncha yake akaichoma kwa kiberiti ikawa duara. Akausukuma polepole huku akiuzungusha kwa vidole. Hewa ya kompresa pia alikataa kuipuliza kwa nguvu, kwa sababu paipu imechomekwa tu kwenye tundu na presha kubwa huichomoa. Nimekuja kumjua mtu aliyechomoa mbili kwa pigo moja, maji yakawa yanamwagika moja kwa moja kichwani mwa dereva.

Tope lililotoka chini lilikuwa jeusi, lenye vumbi, mbegu na vipande vya majani. Mwisho wa paipu kulikuwa na kichuchu cha mpira chenye mpasuko mdogo, kilichowekwa kuzuia wadudu na vumbi visipande. Ndicho kilichokuwa kimeganda zaidi. Tangu siku hiyo ninafuta mfereji kwa kitambaa kibichi kila ninapoona majani juu ya paa, na kikombe changu cha maji kinafanya ukaguzi kabla ya msimu wa mvua. Haujavuja tena kwa miaka miwili na miezi kadhaa.

Gharama halisi, hata hivyo, ilikuwa chini. Kapeti ya gari ina sponji nene mgongoni, na sponji hiyo hushika maji kwa wiki nyingi hata juu pakionekana pakavu. Kwenye magari mengi nyaya na vidude vya umeme hupita humohumo. Kwangu taa ya erbegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, iliwaka kwenye dashibodi, na tulipotoa kiti tukakuta plagi iliyo chini yake imeota ukoga wa kijani kwenye pini. Kabla ya kugusa plagi hizo ni lazima betri ichomolewe na kusubiri kidogo. Erbegi si kitu cha kuchezea. Viti vilitoka, kapeti ilianikwa siku nne, harufu ya uvundo ilichukua mwezi. Na baada ya kurudisha betri kioo cha paa kikawa kimesahau kinapoanzia na kinapoishia: kinafunga, kinajirudisha. Dawa yake kwangu ilikuwa kushikilia swichi ya kufunga mpaka kioo kikajipima chenyewe na kutulia. Kitabu cha gari kina maelezo hayo, na kila gari lina utaratibu wake.

Kelele zimekuwepo, lakini ndogo. Kioo kikianza kulia kama kiatu kipya kwenye barabara mbovu, ninaosha mpira kwa maji na sabuni laini, ninaukausha, ninapaka grisi ya silikoni kiasi kidogo. Grisi ya kawaida ya mashine sitaki hata kuiona karibu, inavimbisha mpira. Pazia la ndani la kuzuia jua lilikwama mara moja, nikalirudisha kwa mkono.

Kioo chenyewe hakijapasuka. Cha jamaa yangu kilipasuka kwa mlio kama tairi limelipuka, akiwa kwenye mwendo na bila jiwe analolijua. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho ndicho kinachotumika kwenye mapaa mengi, kikipata jeraha dogo ukingoni kinaweza kukaa nalo muda mrefu halafu kikasambaratika chote kwa mpigo, vipande vidogovidogo kama mawe ya chumvi. Kilichomwokoa ni pazia lililokuwa limefungwa. Kwa hiyo kwenye barabara ndefu langu hulifunga pia, na watoto wananuna.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwa kumsikiliza kila mwenye gari kama langu ninayekutana naye. Si kila tone la juu linatoka kwenye kioo. Mmoja alibadilisha mipira yote ya sanrufu, kumbe maji yalikuwa yanapita kwenye kitako cha antena, ile inayofanana na pezi la papa, ambayo mpira wake wa chini ulikuwa umekauka na kupasuka. Dalili yake ni doa katikati ya dari, upande wa nyuma. Mwingine maji yalipita kwenye matundu ya boliti za reli za keria. Wa tatu ilikuwa kwenye ile mistari miwili mirefu ya mpira juu ya paa, kushoto na kulia. Chini yake ndipo mabati yalipounganishwa, na gundi ya pale ikipasuka kutu huanza bila wewe kuiona. Na hata hawa wasio na kioo cha paa kabisa wana mateso yao: rangi ya paa ndiyo inayopigwa jua mchana kutwa, klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, mara nyingi huanza kubanduka pale, na dari la kitambaa hushuka kwa sababu sponji ya nyuma yake huoza kwa joto na kugeuka unga. Kulipulizia gundi juu ya sponji iliyooza ni kupoteza muda. Linashuka tena, nimejaribu.

Keria niliifunga mara moja tu. Kitabu cha gari kilionyesha uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba likiwa mwendoni, na kwa magari mengi madogo huwa kati ya kilo 50 na 100. Ninaona watu wanasahau kwamba keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Nilipopima mizigo yangu, nusu ilirudi ndani ya buti.

Kama ningekuwa ninatoa nyota, raha ningeipa nne kati ya tano na matunzo mbili. Kichwani nafasi imepungua kwa upana wa vidole viwili hivi, kwa sababu fremu ya kioo inakula dari. Shemeji yangu mrefu anakaa kama anayesikiliza siri. Ningelinunua tena? Ningelinunua, ila nisingelipokea kama nilivyolipokea lile la kwanza, usiku, limeoshwa, linanukia manukato ya gari mpaka pua inauma. Ningevuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa nione kama una alama ya maji kwenye sehemu ambayo kila siku imejificha. Ningeingiza mkono chini ya kapeti kwenye sehemu zote nne za kuwekea miguu, na kwenye shimo la tairi la akiba. Ningetazama pembe za dari kama zina madoa ya rangi ya chai. Na ningekwenda na kikombe.

Muuzaji mmoja niliyemfanyia hivyo mwezi uliopita, nikimsindikiza rafiki, aliniuliza kwa hasira kwa nini ninamwagia gari lake maji. Kona tatu zilitiririsha. Ya nne tuliitazama wote watatu, maji yamekaa kimya, mpaka yeye mwenyewe akaenda kutafuta kitambaa.