Mtihani wa Kiingereza wa kompyuta kwa watoto: kilichomsumbua binti yangu sio Kiingereza

Kuna wazazi watatu hapa Nkuhungu wameniuliza kuhusu huu mtihani, na kwenye grupu letu la shule wengine wananifuata inboksi, kwaiyo naandika mara moja kila mtu asome. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, shule ya msingi kasoma Kiswahili hapahapa Dodoma kama watoto wengi wa shule za serikali, alafu form one akakutana na karibu kila somo kwa Kiingereza. Mjomba wake anamtafutia nafasi ya shule nje ya nchi na wale wakaomba ushahidi kwamba Kiingereza chake kimefika levo ya B1, yaani ya tatu kutoka chini katika zile sita za Ulaya, A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Ndio tukaingia kwenye haya mambo.

Tuliofanya ni wa Cambridge, wale watunga mitihani wa Uingereza, unaitwa B1 Preliminary for Schools, wa zamani wanaujua kama PET, na tuliuchukua ule wa kwenye kompyuta. Hiyo "for Schools" maana yake ugumu ni uleule wa mtihani wa watu wazima ila mada ni za rika lao, shule, marafiki, michezo, safari, hamna mambo ya ofisini. Una sehemu nne. Kusoma dakika 45 maswali 32, kuandika dakika 45 kazi mbili za maneno kama 100 kila moja, kusikiliza nusu saa hivi maswali 25, na kuongea. Nimeanza na hizi namba kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sizijui wakati nalipa, na ningezijua ningemuandaa mtoto kivingine kabisa.

Sasa sikilizeni. Binti yangu Kiingereza cha shule anapata A, daftari lake ukilifungua unafurahi. Nikampeleka steshenari moja karibu na Jamatini wanayokodisha kompyuta buku kwa saa, tukafungua mitihani ya mfano ambayo Cambridge wameiweka bure kwenye tovuti yao, nikamwambia haya andika hiyo imeili. Nikakaa pembeni yake. Anatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono wa kushoto umelala pajani. Akifika kwenye I'm anasimama, anaangalia kibodi kuanzia juu mpaka chini anatafuta kile kialama cha juu, ananiangalia, anarudi tena. Akikosea neno katikati anafuta mpaka mwanzo wa sentensi kwa sababu hajui kupeleka mshale pale kwenye kosa na mausi. Maneno 100 yalimchukua dakika 31. Sentensi zilikuwa sahihi, kabisa, nikazisoma zote. Lakini dakika ni 45 na bado kulikuwa na kazi ya pili. Nilirudi nyumbani roho inaniuma kwakweli, maana nilimuona mtoto anayejua kitu na hawezi kukitoa, na sio kosa lake, shuleni kwao kompyuta zipo kwenye chumba kinachofungwa na mtoto wa kidato cha pili anazigusa kwa bahati.

Basi tukaacha grama na misamiati tukahamia kwenye kutaipu. Wiki tatu, kila siku akitoka shule saa moja pale steshenari, na kazi yenyewe ilikuwa anachukua insha zake za zamani kwenye daftari anazinakili kwenye kompyuta, basi. Siku moja umeme ukakatika akiwa dakika ya 38 ya mtihani wa majaribio, kila kitu kikapotea, akalia pale mbele za watu na yule kijana wa steshenari akampa saa nzima ya bure kesho yake, Mungu ambariki. Mwisho wa wiki ya tatu maneno 100 anamaliza kwa dakika 14. Kiingereza chake hakikuongezeka hata kidogo katika hizo wiki tatu, mkono ndio ulikimbia. Kwa hiyo mzazi wa Dodoma kabla hujalipia mtihani wowote wa aina hii mpime mwanao kwenye kibodi kwanza, maneno 100, saa mkononi, ikizidi dakika 20 subiri.

Kituo tulichopata kilikuwa Dar, jina silitaji. Ada kila kituo kinapanga yake, ya kwetu ilizidi kodi ya mwezi ya nyumba tunayokaa, kwaiyo ulizia mapema na ulizia zaidi ya sehemu moja. Kituo wakatuma meseji ya Kiswahili, "mtahiniwa afike saa 8:30". Saa nane na nusu ya mchana au ya Kizungu ya asubuhi? Ukiwa unakaa Dar sio shida kubwa, lakini sisi wa huku ni suala la kusafiri siku moja kabla au kupanda treni ya asubuhi siku yenyewe. Nikapiga simu Jumanne, Jumatano, Alhamisi, haipokelewi. Ijumaa saa tisa alasiri ndio dada mmoja akapokea akasema asubuhi mzazi, kesho. Nikatoka ofisini Mtumba mbio, tukawahi SGR ya jioni kwa bahati tu, mtoto akalala kwa mjomba wake usiku wa manane na akaingia mtihanini na usingizi. Kama unaendesha kituo cha mitihani na unasoma hapa, nakuomba sana andika "asubuhi" au "mchana", ni neno moja tu na mtoto wa mtu analala vizuri.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, kiyoyozi, kompyuta kama kumi na mbili. Kwenye skrini anaona saa inayohesabu dakika zilizobaki na kwenye kuandika inamhesabia maneno, hilo binti kalipenda kuliko yote kwa sababu hapotezi muda kuhesabu kwa kidole. Hakuna ile ya kusahihisha spelingi kama kwenye simu, anachokosea kinabaki. Kwenye kusikiliza kila mtoto ana hedifoni yake na anapandisha sauti mwenyewe, na kila rekodi inapigwa mara mbili.

Hapo kwenye hedifoni ndipo nina uchungu. Ya binti yangu ilikuwa inatoa sauti sikio moja, la kulia kimya kabisa. Kabla ya kuanza wanasikilizishwa sauti ya majaribio na msimamizi aliuliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye tatizo anyooshe mkono. Hakunyoosha. Nilipomuuliza baadae akasema "baba niliogopa kuwasumbua, wenzangu wote walikuwa tayari". Watoto wetu ndio tumewalea hivyo, mkubwa akiuliza swali mbele za watu jibu ni kunyamaza, ukilalamika unaonekana huna adabu. Kituo kilitakiwa kupima vile vifaa kabla watoto hawajaingia, hilo sina msamaha nalo, lakini na mimi nilitakiwa kumwambia mwanangu kwamba siku ile kunyoosha mkono ni haki yake na ni sehemu ya mtihani. Mwambieni watoto wenu. Mfanyishe mazoezi hata nyumbani, amwambie mtu mzima "samahani, hii haifanyi kazi" kwa Kiingereza, arudie mpaka azoee.

Kuongea sasa. Hii haifanyiki kwenye kompyuta hata kama mtihani ni wa kompyuta, ni ana kwa ana, watoto wawili wanaingia pamoja, watahini wawili, mmoja anaongea nao na mwingine anasikiliza tu na kuweka alama. Kama dakika 12 hivi. Kwanza maswali ya kujitambulisha, alafu kila mtoto anaelezea picha yake peke yake kama dakika moja, alafu wawili wanapewa mchoro wenye mambo tofautitofauti wanajadiliana wao kwa wao, mwisho maongezi ya jumla. Alipangiwa na mtoto wa kiume wa Dar anayeongea kama redio, binti aliniambia mwanzoni miguu ilikuwa inamtetemeka. Lakini pale kwenye kujadiliana yeye ndio alikuwa anamuuliza mwenzie "wewe unaonaje", na hicho kina alama, kumpokea mwenzako na kumrudishia maneno. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya watu wengi anajua hilo tangu mdogo. Mimi hii sehemu ndio imenifanya niuheshimu huu mtihani, maana miaka yote mwanangu kasoma Kiingereza hakuna mtu aliyewahi kukaa naye dakika 12 akamsikiliza anaongea.

Matokeo yalitoka mtandaoni siku ya saba ya kazi. Kusoma 158, kuandika 139, kusikiliza 136, kuongea 151, wastani 146. Kufaulu kunaanzia 140, kwaiyo B1 amepata. Ukifika 160 wanakupa levo ya juu yake, B2, na ukiwa kati ya 120 na 139 hawakuachi mikono mitupu, unapewa cheti cha A2. Angalia hizo namba nne vizuri lakini. Kusoma yuko karibu na kuvuka levo, kusikiliza hajafika. Ile A ya shule ilikuwa ya macho, na mimi baba yake sikujua mpaka nilipoiona imeandikwa sehemu kwa sehemu. Sikio moja limechangia, sawa, ila hata nyumbani kwenye mazoezi maneno yalikuwa yanampita, kwa sababu Kiingereza anachokisikia kila siku ni cha mwalimu wake tu na kinasemwa taratibu.

Mtihani wenyewe nautolea nyota nne, kituo nyota mbili. Wanaouliza kuhusu mingine: kama mwanao ndio kwanza kamaliza darasa la saba shule ya Kiswahili usimkimbize kwenye B1, kuna mdogo wake, A2 Key for Schools, ule imeili ni maneno 25 tu na kuendelea, na hadithi ya picha tatu maneno 35, hata asiyejua kutaipu anafika. TOEFL Junior, mtihani wa Wamarekani, ile ya kawaida ni maswali 126 ya kuchagua, kusikiliza, grama na kusoma, hamna kuongea wala kuandika, kibodi haimsumbui ila pia hutajua kama anaweza kufungua mdomo. Oxford nao wana wao wa miaka 12 mpaka 16, kusoma na kusikiliza maswali yanapanda au kushuka ugumu kufuatana na anavyojibu, na kuongea anaongea na mashine. Huo hatujaufanya, ila mimi mtoto wangu bora aongee na mtu anayemtazama usoni. Na kabla ya yote uliza hiyo shule inayodai cheti inapokea upi.

Binti sasa anataka B2 First for Schools, kule kazi mbili za kuandika ni maneno 140 mpaka 190 kila moja. Nimenunua kibodi ya mtumba pale Majengo tumeichomeka kwenye simu yangu kwa waya, jioni anaandika, na kabla ya kulala anasikiliza habari za Kiingereza, masikio yote mawili. Mdogo wake wa darasa la sita keshajua kile kialama cha I'm kiko wapi.