Dera la saizi moja: urefu wake unamfaa nani?

Dera la dukani kwa kawaida hushonwa kwa saizi moja, na hapo ndipo penye tatizo. Upana hausumbui, urefu ndio unaosumbua. Mwanamke mrefu linamkaa vizuri: linashuka hadi kwenye kisigino bila kuburuta. Mfupi hulikanyaga, na pindo huchakaa upesi, hasa anapopanda daladala.

Wengi hukimbilia kukata chini. Usikate kama dera lina maua ya ukingoni. Ndiyo yanayolipendezesha, na yakishaondoka nguo inaonekana kipande. Afadhali fundi apige pleti moja (mkunjo ulioshonwa) ya kulala kwa ndani, juu kidogo ya maua. Pleti ya sentimita 4 inakula urefu wa sentimita 8, maana kitambaa kinakunjwa mara mbili.

Kabla ya kupima, lifue kwanza kama ni la pamba, maana pamba hurudi, yaani hupungua ikifuliwa. Kisha vaa gagulo (sketi ya ndani) na viatu vyako, simama wima, mtu mwingine apime kutoka begani hadi chini, mbele na nyuma. Mwenye makalio makubwa nguo humpanda nyuma. Mwenye kifua kikubwa au mjamzito humpanda mbele. Ukipima upande mmoja tu, pindo litakuwa la mshazari. Acha sentimita 2 kutoka sakafuni.

Mnene mfupi asifunge mkanda kiunoni juu ya dera: kitambaa kinajaa na kumkata katikati. Aliachie lishuke.

Kwa mrefu, nanunua bila wasiwasi. Kwa mfupi, hesabu na pesa ya fundi.