Rili Saizi 4000: Mshipi Utaingia Mita Ngapi?

Haya, rili ya kuvulia samaki iko mkononi. Saizi 4000, bei ya kati, na jina nimelibandikia utepe maana hawajanilipa. Sogeeni muone ubavuni mwa spuli, kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi: 0.35, halafu 200. Yaani nailoni ya unene wa milimita 0.35 inaingia mita 200. Yako ikiwa imeandikwa yadi, hiyo ni mita 0.91 tu.

Nikajaribu kwa roli mbili za mita 100. Zimeingia zote, ikabaki milimita mbili hivi kufika ukingoni. Papo hapo ndipo panapotakiwa. Ukijaza mpaka mdomoni, ukirusha mshipi unachomoka mafungu mafungu na kujifunga mafundo. Ukipunja, unasugua ukingo na chambo kinaanguka karibu.

Lakini samaki aina ya kolekole siwafuati na nailoni tupu. Nataka uzi wa kusuka, mita 150, na pakiti inasema 0.25. Chini yake lazima utangulize nailoni, kwani uzi wa kusuka peke yake huteleza: samaki anavuta, breki umekaza, na mshipi wote unazunguka bure kwenye spuli. Nailoni kiasi gani? Toeni simu. Unene mara unene mara urefu. 0.35 × 0.35 × 200 ni 24.5, ndiyo nafasi yote mliyonayo. Uzi: 0.25 × 0.25 × 150, kama 9.4. Toa, inabaki 15.1. Gawa kwa 0.35, kisha gawa tena kwa 0.35. Mita 123. Ule mgawo wa pili ndio watu wanausahau.

Nikaweka 123. Uzi ulipofika mita 130, spuli imejaa! Ishirini nzima ninazo mkononi. Rili siilaumu, maana nailoni ilishaithibitisha. Nikapiga hesabu kinyumenyume: ule uzi wa 0.25 umekaa kama 0.27. Labda pakiti imejipendelea, labda mimi niliuzungusha legelege. Ubaneni kwa kitambaa kilicholowa.

Kilichonifurahisha zaidi ni spuli ya pili ndani ya boksi. Ifungeni hiyo kwanza, zungusheni uzi wa kusuka wote, halafu nailoni juu yake mpaka zile milimita mbili, kata. Sasa rudisheni spuli ya kazi, zote ni sawa kwa ujazo, mtu akushikie ile ya kwanza kwenye kijiti, uhamishe. Nailoni inatangulia chini, uzi unakuja juu, na kalkuleta imebaki mfukoni. Mkono utauma tu.