Baloo kwenye laptopu ya RAM ya GB 4: tuipime pamoja

Ndugu watazamaji, karibuni. Niko Uyole hapa Mbeya, baridi ya Julai imeshika, na feni ya laptopu hii inavuma tangu nilipoiwasha ilhali sijafungua hata kivinjari. Anayeichosha ni Baloo, huduma iliyochukua nafasi ya Nepomuk mwaka 2014 kwenye KDE, yaani mazingira ya eneo-kazi ya Linux, inayosoma mafaili yako na kuyatengenezea faharasa ya kutafutia. Sifa zake nyingine mnazijua; leo nataka RAM tu, kwa sababu kazi za wateja wa stationery yangu zimo humu.

Tazameni kioo. Nimefungua htop, programu inayoorodhesha kinachoendelea kwenye kompyuta, na kupanga kwa kumbukumbu, na anayeongoza ni baloo_file_extractor, sehemu ya Baloo inayosoma yaliyomo ndani ya mafaili. Naandika balooctl6 monitor, amri ya kuitazama Baloo ikifanya kazi. Mnaona majina ya mafaili yakipita: barua, mtihani, barua. Sasa imefika zamu ya kitabu kikubwa cha PDF, nayo imekwama hapo hapo huku namba ya RES, yaani RAM inayoshikiliwa na programu, ikipanda. Hili ndilo linalonikera kuliko yote: inasoma neno kwa neno kitabu ambacho sijawahi kukitafuta kwa maneno yake ya ndani.

Hata hivyo, angalieni safu ya SHR iliyo jirani, yaani sehemu ya RES inayoweza kutumiwa kwa pamoja na programu nyingine. Baloo huhifadhi faharasa kwa hifadhidata iitwayo LMDB, ambayo faili lake hutandazwa kwenye kumbukumbu, na vipande hivyo huhesabiwa ndani ya RES ingawa kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuvichukua programu nyingine ikihitaji nafasi. Toa SHR kwenye RES ndipo upate mzigo wenyewe kwa makadirio. Nilikuwa nimeazimia kuizima kabisa, lakini hesabu hiyo imenipunguzia hasira, ingawa kinachobaki bado ni kingi kwa GB 4 na laptopu inaanza kukimbilia swap, yaani kutumia diski badala ya RAM.

Kwa hiyo naandika balooctl6 config set contentIndexing no ili isisome ndani ya mafaili, kisha balooctl6 purge ya kufuta faharasa, kwa maana faharasa ya zamani haipungui yenyewe. Ijengwe upya kwa majina ya mafaili na taarifa zake za msingi. Anayetaka kutafuta ndani ya nyaraka asifuate njia hii; aiwekee kde-baloo.service, yaani huduma ya Baloo, kikomo cha kumbukumbu kiitwacho MemoryHigh kupitia amri ya systemctl --user edit.

Wapo watakaosema plocate, programu nyingine ya kutafuta mafaili, ni nyepesi zaidi. Ni kweli, lakini plocate hushika majina tu, na husubiri updatedb, amri ya kusasisha orodha yake, ipite. Kuongeza RAM nako ni dawa. Mwanjelwa nilitajiwa shilingi 45,000 kwa kipande cha mtumba cha GB 4, na sikuwa nayo.

Wiki ijayo nitaipima LocalSearch, huduma kama hii ya GNOME, mazingira mengine ya eneo-kazi ya Linux, ile iliyoitwa Tracker Miners hadi mwaka 2024, kwenye laptopu hii hii. Kama Baloo inakusumbua, niandikie hapo chini toleo lako la Plasma, eneo-kazi la KDE, pamoja na jibu la balooctl6 indexSize, amri inayoonyesha ukubwa wa faharasa.