Tathmini ya chipu ya manosi: dhahabu safi, maelezo haba

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikipimia mshikamano wa protini na sukari kwenye chipu inayouzwa ikiwa tayari imepakwa manosi, aina ya sukari, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa maabara wanaofikiria kuiagiza. Chipu yenyewe imetengenezwa kwa ustadi. Kikaratasi kinachoandamana nayo, hata hivyo, kinasema machache mno kuhusu uso ambao mnunuzi anaulipia.

Ni kipande cha kioo chenye utando wa dhahabu wa unene wa takriban nanomita 50, na juu ya dhahabu zimesimikwa nyuzi za dekstrani ambazo manosi imeunganishwa nazo. Mwanga huingia kwa upande wa chini na kuakisiwa na dhahabu, isipokuwa katika pembe moja mahususi ambapo nishati yake humezwa na elektroni za dhahabu, na mwanga unaorudi ukafifia. Protini ikitua juu ya sukari, pembe hiyo husogea, na mashine huuandika msogeo huo kwa vizio vya mwitikio, RU, ambapo RU 1,000 ni sawa na takriban nanogramu 1 ya protini kwa kila milimita ya mraba. Protini haihitaji kutiwa rangi wala alama, na unaiona ikishika na kuachia papo hapo. ELISA, kipimo cha maabara kinachosoma kilichobaki baada ya kuosha, haikupi nafasi hiyo, kwa kuwa katika kuosha na kuosha tena, protini inayoshika kwa ulegevu huenda na maji. Na protini nyingi zinazoshika sukari ndivyo zilivyo.

Nilianza na konkanavalini A, lektini (protini inayoshika sukari) ya mbegu za aina ya haragwe, Canavalia ensiformis, ambayo James Sumner aliitenga mwaka 1919, nikiwa nimeiyeyusha katika bafa (myeyusho unaodumisha pH) ya HEPES yenye kalsiamu na manganizi. Bila madini hayo mfuko wake wa kushikia sukari haukai sawa, na bafa ya fosfeti ningeiepuka kwa sababu fosfeti na kalsiamu hugandana na kuacha mashapo, nayo mirija ya mashine hii ni myembamba kama unywele. Mstari wa mkondo (njia ya kimiminika juu ya chipu) wenye manosi ulipanda kwa haraka, kama ilivyotarajiwa. Lakini mkondo wa ulinganisho, ambao una dekstrani tupu na ambao kazi yake ni kutuonyesha sifuri, nao ukapanda. Nilidhani nimekosea kuunganisha mirija, nikaosha kila kitu na kurudia. Ukapanda tena vilevile.

Kosa halikuwa la mirija. Dekstrani ni mnyororo wa glukosi, na konkanavalini A hushika glukosi pia, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko inavyoshika manosi, kwa hiyo sehemu ya chipu iliyoitwa tupu haikuwa tupu kwa protini hii hata kidogo. Nilipoleta lektini ya ua la Galanthus nivalis, inayoshika manosi na kuiacha glukosi, mkondo wa ulinganisho ulilala kimya na ule wa manosi ukapanda kwa mpangilio mzuri. Neno moja la tahadhari katika kikaratasi lingeniokolea siku mbili. Anayefanya kazi na lektini za glukosi atafute chipu bapa, yenye tabaka la ethilini glikoli badala ya dekstrani.

Lalamiko langu la pili ni zito zaidi. Kikaratasi kinatoa namba moja ya nguvu ya mshikamano, kana kwamba ni sifa ya protini pekee, na wala hakisemi manosi imepakwa kwa msongamano gani. Konkanavalini A katika pH 7 huwa na vipande vinne na mifuko minne: mfuko mmoja ukishika sukari moja iliyo huru, mshikamano ni dhaifu, wa kiwango cha milimola 0.1 kwa lita, lakini juu ya uso uliosongamana sukari mfuko mmoja ukiachia mwingine ungali umeshika, na molekuli nzima haiondoki. Katika grafu hilo huonekana wazi: bafa tupu inapopita, mstari hushuka kidogo kisha hukaa juu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa aondoke akabaki mlangoni akizungumza. Nilipopitisha metili manosidi, sukari huru ya jamii ya manosi inayoiachisha protini, mstari uliruka juu kwanza, kwa kuwa myeyusho wa sukari hupinda mwanga kuliko bafa, kisha, bafa iliporudi, ukatua karibu na pale ulipoanzia. Karibu, si pale hasa. Kila duru huacha masalia kidogo, na ni busara kupitisha glisini ya pH ndogo, myeyusho wa asidi wa kuyang'oa, kila baada ya duru chache.

Kuna pia suala la kasi. Mstari ulipanda kwa mwinuko mkali zaidi nilipoongeza mtiririko kutoka mikrolita 10 hadi 50 kwa dakika, ishara kwamba protini ilikuwa inasubiri kufikishwa kwenye uso, na kwamba kasi niliyokuwa nikiipima haikuwa ya kushika sukari. Msitu mnene wa dekstrani huchangia tatizo hili.

Kwa hayo yote sijaitupa. Naitumia kwa ushindani: nachanganya protini na sukari huru kwa viwango vinavyoongezeka, nasoma ni kiasi gani cha protini kinachobaki huru kutua juu ya chipu, na hapo uso unakuwa kihesabio tu, huku mshikamano ninaoupima ukitokea ndani ya myeyusho. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano, kwa kuwa mstari wake wa msingi ni tulivu na duru za jioni zinafanana na za asubuhi. Kwa anayetaka namba ya mshikamano moja kwa moja kutoka kwenye uso, naipa mbili, hadi mtengenezaji atakapouza chipu hiyohiyo katika misongamano mitatu tofauti na kuiandika kila mmoja kwenye kifuniko.