Msikiti Mkuu wa Cologne: nilivyouona na kuswali ndani yake

Ukiwa Ujerumani na unajiuliza kama inafaa kukatisha safari kwa ajili ya Msikiti Mkuu wa Cologne, mimi nakwambia shuka. Uko mtaa wa Ehrenfeld, pale Venloer Straße inapokutana na Innere Kanalstraße. Kutoka kituo cha Piusstraße unatembea kidogo tu.

Wengi huja na picha ya misikiti ya Istanbul kichwani: kuba kubwa iliyoegemea nusu kuba, na minara myembamba iliyochongoka kama penseli. Asili ni hiyohiyo, ila hapa imefumuliwa na kushonwa upya. Kuba ina kimo cha karibu mita 36, nayo haikufunikwa yote. Imepasuliwa vipande vikubwa vya zege vilivyopinda, na katikati ya vipande hivyo kumesimamishwa vioo virefu. Mtu anayepita barabarani anaweza kuona kwamba ndani kuna watu na taa zinawaka, na aliye ndani anaiona mbingu ya mji anaoishi. Katika nchi ambayo Waislamu wengi waliswali miaka na miaka kwenye maghala na vyumba vya nyuma ya viwanda, uamuzi huo wa vioo ndio ulionigusa kuliko yote.

Aliyeuchora ni Paul Böhm, aliyeshinda shindano la wasanifu mwaka 2006. Baba yake, Gottfried Böhm, alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 1986, na babu yake Dominikus naye alikuwa msanifu. Ukoo mzima ulijulikana kwa kujenga makanisa. Ujenzi ulianza 2009, ukapita kwenye maandamano ya wapinzani na mivutano ya kimkataba, mpaka ukafunguliwa rasmi Septemba 2018. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya minara, ambayo ina mita 55 kila mmoja. Kwa macho yangu minara ndiyo sehemu dhaifu. Kwa mbali zege lake ni kavu, na siku ya mawingu inakaribia kufanana na majengo ya ofisi yaliyo jirani.

Ndani ni habari nyingine kabisa. Kuta nyeupe, maandishi ya Kiarabu ya rangi ya dhahabu, zulia la feruzi. Sisi tuliokulia misikiti ya zamani ya pwani, yenye nguzo nene zinazokata safu, tunahisi mara moja tofauti ya kusimama chini ya nafasi tupu namna ile. Ukumbi unachukua watu wapatao 1,200, lakini haukufanyi ujione mdogo.

Wanawake tuna nafasi ghorofa ya juu, na mimi naona ndiyo nafasi bora kwa anayetaka kulielewa jengo. Nilipanda kuswali adhuhuri. Bibi mmoja wa Kituruki alijisogeza, akapigapiga zulia kwa kiganja kunionyesha nikae ubavuni pake. Baada ya salamu nilibaki naangalia: jua lilikuwa limeingia kwenye mpasuko mmoja wa vioo na kuchora mstari mweupe juu ya zege lililopinda, mstari ukisogea taratibu kadiri tulivyokaa. Kule juu unaona jinsi kila kipande cha zege kinavyomwegemea mwenzake bila kumgusa kila mahali. Kutoka chini hilo linakupita.

Nje kuna ngazi pana zinazokupandisha kutoka barabarani hadi uwanja ulioinuliwa, katikati ya majengo ya ofisi, maktaba na maduka. Nilikuta vijana wamekaa kwenye ngazi hizo wakila, wengine si Waislamu, na hakuna aliyewauliza kitu. Msanifu aliyetaka jengo lisiupe mji kisogo amefaulu hapo.

Asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia, na zipo ziara za kuongozwa. Oktoba 3, sikukuu ya taifa ya Ujerumani, misikiti mingi nchini humo hufungua milango kwa wageni. Mwanamke abebe mtandio wake. Adhana ya Ijumaa kwa kipaza sauti ilisikika hapa kwa mara ya kwanza Oktoba 14, 2022, kwa masharti ya sauti ya chini na isiyozidi dakika tano, kwa hiyo usitarajie kuisikia ukiwa mbali. Na ukiweza kuchagua, nenda adhuhuri siku yenye jua. Jioni ya baridi vioo vile vinakuwa vyeusi na nusu ya kazi ya msanifu huioni.